Kiwanda kikipunguza watu, barua ndiyo hubeba mafao

MWANZA: Kiwanda cha minofu kikipunguza zamu kwa kukosa sangara, habari hufika getini kabla ya kufika benki. Wali unambakia mama lishe sufuriani, mwenye duka Nyakato anafunga daftari la mkopo, na mwenye nyumba Igoma anaanza kuulizia kodi. Wote wana swali moja: aliyepunguzwa atalipwa nini, na nani?

Kanda ya Ziwa inaijua hali hii. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kutokana na uvuvi wa sumu, na soko kubwa la viwanda vya Mwanza likafungwa hadi mwaka 2000. Wakati huo NSSF haikuwa na fao la upotevu wa ajira. Fao hilo liliingizwa kwa sheria ya mwaka 2018.

MIFUKO MIWILI

Malipo ya aliyepunguzwa hutoka katika mifuko miwili. Wa kwanza ni wa mwajiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka atoe taarifa ya nia ya kupunguza, aeleze sababu, na ashauriane na wafanyakazi au chama chao kabla ya kuamua. Anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi ya siku 28 au malipo badala yake, pamoja na mshahara wa siku alizofanya kazi, likizo ambayo hakuichukua, na nauli ya kumrudisha alikoajiriwa.

Aidha, aliyefanya kazi miezi 12 mfululizo anastahili kiinua mgongo: mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, usiozidi miaka 10. Kwa mshahara wa shilingi 400,000, siku 7 ni zaidi kidogo ya shilingi 92,000. Aliyetumikia miaka 12 atapata kiasi hicho mara 10, yaani zaidi kidogo ya shilingi 920,000. Miaka miwili ya ziada haihesabiwi.

Mfuko wa pili ni NSSF. Mwanachama aliyechangia angalau miezi 18, ambaye hajafikisha miaka 55 na hajapata kazi nyingine, hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Kwa mshahara ule ule, ni shilingi 133,200 kwa mwezi, au shilingi 799,200 kwa jumla.

HATARI YA SAINI

Hata hivyo, fao la NSSF halimhusu aliyeacha kazi kwa hiari, na kiinua mgongo hulipwa pale mwajiri anapositisha ajira. Kwa hiyo mfanyakazi anayeombwa aandike barua ya kuacha kazi "ili mambo yaishe haraka" anaombwa aache mafao yote mawili. Katika mfano huu, saini moja inaweza kumgharimu zaidi ya shilingi milioni 1.7. Barua anayopaswa kuondoka nayo ni ya mwajiri, ikitaja wazi kwamba amepunguzwa.

Jambo jingine ni michango. Makato kwenye hati ya mshahara si ushahidi kwamba fedha zimefika NSSF. Ni vyema mwanachama aangalie taarifa yake ya michango angali kazini, si siku ya kudai.

Anayeona ameachishwa isivyo halali ana siku 30 za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Wengi huzimaliza siku hizo wakisubiri ahadi za ofisini.

KWA MFANYABIASHARA

Kwa mwenye duka, hesabu ni hii: mteja aliyepunguzwa ana fedha za mkupuo mara moja, kisha theluthi ya mshahara kwa nusu mwaka. Mkopo wa mwisho wa mwezi upimwe kwa theluthi hiyo. Mkupuo wenyewe mara nyingi ndio mtaji wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba, na haufai kuhesabiwa kama kipato.

Mwekezaji anayetaka kununua hisa katika kiwanda aulize mapema kuhusu deni la michango na kiinua mgongo. Na mwenye duka lenye wasaidizi watatu akumbuke kwamba yeye pia ni mwajiri. Sheria hiyo inamhusu.