Hewa Zisizoonekana za Kasese na Bwera

Katika nchi iliyo baina ya Bwera na Kasese, magharibi ya Uganda, ambako mlima Rwenzori umesimama upande mmoja na maziwa ya Edward na George yametandazika upande wa pili, ardhi haikomi kutoa hewa za namna kwa namna, ambazo aghalabu hazionekani kwa jicho wala, ila chache, hazinuki. Mchimba chumvi wa Katwe, asimamaye katika maji mazito ya ziwa lililomo ndani ya shimo la volkeno, avunjapo ukoko wa chumvi hupata harufu ya yai viza, nayo ni hidrojeni salfaidi itokayo katika tope la chini. Lakini methani ipandayo kutoka vinamasi vya mafunjo vya Ziwa George, na hewa ya ukaa itokayo katika kiwanda cha saruji cha Hima, humpita mtu puani pasipo kumwambia neno.

Njia ya kuziona ilianza kufunguka mwaka 1800, pale William Herschel, mwanafalaki aliyekuwa akiishi Uingereza, alipoupitisha mwanga wa jua katika kioo cha pembetatu, akaweka kipimajoto kando ya rangi nyekundu, mahali ambapo jicho halikuona nuru yoyote, akakuta joto linapanda kuliko ndani ya rangi zenyewe. Mwaka 1859 John Tyndall alibainisha mjini London kwamba naitrojeni na oksijeni, ambazo ndizo karibu hewa yote tuivutayo, huiachia miale hiyo ya infraredi ipite bila kizuizi, ilhali mvuke wa maji, hewa ya ukaa na nyinginezo zilizomo kwa kiasi kidogo mno huinyakua. Sababu ni kwamba kila molekuli ya namna hiyo hutikisika kwa mapigo yake maalumu, na mwale wenye mapigo yayo hayo ukiifikia humezwa. Kwa hiyo nuru iliyopita katika methani hufika ikiwa na mapengo kwenye urefu wa mawimbi wa mikroni 1.65, na 2.3, na tena karibu na 7.7, mfano wa kitana kilichong'oka meno, na ajuaye ni meno yapi yasiyokuwapo huitambua hewa iliyoyang'oa.

Spektromita ya kupiga picha, ifungwayo chini ya ndege, huifanya kazi hiyo kwa kila nukta ya picha mbali mbali. Ile iitwayo AVIRIS-NG, iliyotengenezwa na maabara ya JPL huko California, huuchambua mwanga wa jua uliogonga ardhi ukarudi juu katika rangi zaidi ya 400, na ndege irukapo kilomita 3 juu ya ardhi, kila nukta huwa na upana wa mita 3 hivi. Mwezi wa Aprili 2015 ilipitishwa juu ya visima vya gesi vya Four Corners, Marekani, nayo pamoja na mwenziwe HyTES, ambaye hausubiri mwanga wa jua bali husoma joto la ardhi yenyewe, wakaonyesha zaidi ya mikupuo 250 ya methani, na mingine yake ilifuatwa chini hadi bomba lililovuja.

Basi tuseme ndege ya namna hiyo imepitishwa juu ya Kasese. Hima ingeisoma kwa urahisi kiasi, maana chokaa ghafi inapochomwa tanurini, kila kilo 100 za kalsiamu kaboneti hutoa kilo 44 za hewa ya ukaa, mbali na ile ya moto wenyewe, na yote hupanda katika mabomba machache yanayojulikana mahali pake. Katwe ingeipa taabu, kwani hidrojeni salfaidi humeza infraredi kwa unyonge sana, na katika jambo hilo pua ya mchimba chumvi inaishinda ala ya mamilioni ya dola. Lakini penye methani nyingi zaidi, yaani Ziwa George, ndipo picha ingerudi karibu tupu.

Anayeshuku kwamba methani ipo na autie upondo wa mtumbwi katika tope la kando ya mafunjo: mapovu yatapanda makubwa kwa madogo, na yakikingwa katika chupa iliyopinduliwa yatashika moto, kama alivyofanya Alessandro Volta katika Ziwa Maggiore mwaka 1776. Vijidudu viishivyo pasipo oksijeni ndivyo vinavyoifanya kutokana na majani yaliyooza, na eneo lao hapa ni pana, kwani mito ya Rwenzori, Mubuku na Nyamwamba miongoni mwayo, huishia katika vinamasi hivyo, ambavyo vimo katika orodha ya Mkataba wa Ramsar tangu 1988. Mbona basi ala isivione? Kwanza, maji ni meusi mbele ya infraredi ya mikroni 2.3, hayarudishi nuru ya kutosha kusomwa, na majani mabichi, kwa maji yaliyomo ndani yake, nayo hayarudishi nyingi. Pili, na hili ndilo zito, hesabu ya mashine hulinganisha kila nukta na jirani zake. Mkupuo mwembamba utokao bombani hujidhihirisha kwa kuwa jirani zake ni safi, ilhali kinamasi kipumuacho polepole juu ya kilomita nyingi za mraba huzipandisha nukta zote pamoja, isibaki ya kulinganishwa nayo.

Ndiyo maana watafiti wa mradi wa methani wa MOYA wa Uingereza, walipoileta Entebbe ndege ya utafiti ya FAAM mwezi wa Januari 2019, wakaipeleka juu ya vinamasi vya Ziwa Kyoga na juu ya moshi wa nyasi zichomwazo kaskazini, hawakutegemea picha. Walivuta hewa yenyewe ndani ya ndege wakaipima papo hapo, na nyingine wakaitia katika vyombo vya kupelekwa maabara, ambako uwiano wa kaboni-13 hutenga methani ya kinamasi, iliyo na kaboni hiyo nzito kwa uchache, na methani ya moshi wa nyasi, iliyo nayo zaidi. Kwa maoni yangu, fedha zikitosha kwa ndege moja tu, vinamasi vipewe chupa, na picha iachiwe Hima na majaa ya taka ya mjini.

Hata huko Hima, picha huonyesha wingi wa hewa iliyopo angani kwa wakati huo, haisemi ni kilo ngapi hutoka kwa saa. Ili kuijua hesabu hiyo sharti ujulikane mwendo wa upepo, na kosa la upepo huwa kosa la jawabu. Jambo hilo ni jepesi jangwani, si chini ya Rwenzori, ambako mchana upepo hupanda mabonde na usiku hushuka, na maziwa nayo yana upepo wao. Kisha yako mawingu, ambayo infraredi haipenyi, na yaliyouficha mlima huo kwa wasafiri wa Ulaya hata Stanley alipouona mwaka 1888. Setilaiti ya kupima hewa ya Sentinel-5P, iliyorushwa Oktoba 2017, hupita kila siku mnamo saa saba na nusu mchana, wakati ambao mawingu ya mlimani aghalabu yamekwisha kusanyika. Ndege yaweza kuja saa tatu asubuhi katika miezi ya kiangazi, Januari au Julai, mbingu zikiwa bado wazi; ila saa hizo upepo wa mlimani huwa katika kugeuka, kwa hiyo vipima upepo vya ardhini havina budi kuwa vimekwisha simikwa Hima na Kikorongo, njiani baina ya Kasese na Bwera, kabla rubani hajawasha injini.