Kabla ya kununua laptopu ya mtumba, uliza itasasishwa hadi lini

Familia nyingi zinazofika hapa Marekani huhitaji kompyuta mapema. Watoto hupewa kazi za shule kwenye intaneti, na wazazi husoma Kiingereza, huomba kazi na kuangalia akaunti ya benki. Laptopu mpya ni ghali, kwa hiyo wengi wetu tunanunua iliyotumika. Si vibaya. Lakini usiangalie kioo na rangi tu. Uliza kwanza: itapokea masasisho hadi lini?

Masasisho ni marekebisho ambayo kampuni hutuma kupitia intaneti ili kuziba matundu ambayo wezi wa mtandaoni huingilia. Yakikoma, laptopu haizimiki. Inaendelea kuwaka kama kawaida, ndiyo maana watu hawagundui. Lakini matundu mapya hayazibwi tena, na humo ndimo mlimo neno lako la siri la benki, namba ya Social Security na nakala za karatasi zako za uhamiaji.

Laptopu za Windows

Huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Microsoft ilitoa nyongeza ya mwaka mmoja kwa wanaojiandikisha, lakini usinunue kitu kwa kutegemea nyongeza. Tafuta laptopu inayokubali Windows 11.

Kuiona Windows 11 kwenye kioo hakutoshi, kwa sababu kuna wauzaji wanaoilazimisha kwenye mashine kuukuu, na Microsoft haiahidi kuzipa mashine hizo masasisho. Angalia prosesa, yaani ubongo wa kompyuta. Fungua "Settings", kisha "System", kisha "About", usome mstari wa "Processor".

Muuzaji atakuambia, "Hii ni i7, ina nguvu!" Usiishie hapo. Soma namba inayofuata. Kwa Intel, i5-8250U ni kizazi cha 8, na i5-1135G7 ni kizazi cha 11. Hizo zinakubalika. Lakini i7-4600U ni kizazi cha 4, na haikubaliki ingawa jina lake ni i7. Kwa kawaida, kizazi cha 8 ndicho cha chini kabisa. Kwa AMD Ryzen, chagua namba inayoanzia 3000, kwa mfano Ryzen 5 3500U.

Chromebook na Mac

Kila Chromebook ina tarehe yake ya mwisho wa masasisho. Fungua "Settings", kisha "About ChromeOS", utafute tarehe hiyo. Ikiwa imebaki mwaka mmoja tu, iache hata kama bei ni ndogo. Kwa Mac, chagua yenye chipu ya M1 au mpya zaidi. Hizo zilianza kuuzwa mwishoni mwa 2020, na Apple inaziacha polepole zile za Intel.

Kabla ya kutoa pesa

1. Iwashe mwenyewe. Ikitaja jina la shule au kampuni na kudai barua pepe ya huko, usinunue. Bado imefungwa na mwenyewe wa kwanza, au hata imeibwa.
2. Hakikisha ina RAM ya GB 8 na diski ya SSD. Chromebook inaweza kutosheka na kidogo zaidi.
3. Chomoa chaja, uitumie dakika 15, uone betri inavyoshuka.
4. Jaribu kamera, kibodi na Wi-Fi.
5. Dai risiti, na uulize una siku ngapi za kuirudisha.

Ukinunua kwa mtu binafsi, kutaneni mahali penye watu na umeme. Akikataa uiwashe, ondoka. Wahenga walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kama namba hizi zinakuchanganya, piga picha ya ukurasa wa "About" ututumie au uilete ofisini kabla ya kulipa. Kuisoma ni kazi ya dakika tano, na ni rahisi kuliko kumfuata muuzaji ambaye hapokei simu tena.