Kitambaa cha Kochi: Jina Moja, Vitu Viwili

Istilahi hazitungwi kwa ajili ya wataalamu wa maabara na walimu wa vyuo peke yao. Mnunuzi naye anazihitaji, na pengine kuliko wao, kwa sababu mara nyingi yeye hulipa fedha kwa jina kabla hajakiona kitu chenyewe. Katika makala haya tunakusudia kulieleza jambo hilo kwa mfano wa kitambaa cha kuvalishia viti.

Tumfikirie mkazi wa Gulwe, wilayani Mpwapwa. Gulwe ni kituo cha Reli ya Kati, ile iliyofika Dodoma mwaka 1910. Na tangu mwaka 2024 treni za abiria za reli mpya zinapita huko pia, zikienda na kutoka Dodoma. Mkazi huyo anataka kuvalisha upya makochi yake, naye anaagiza kitambaa mjini kwa kumtuma jirani au kwa simu. Akisema, "Niletee vitambaa vya makochi," anaweza kuletewa vitu viwili visivyofanana hata kidogo. Kimoja ni kitambaa kizito, kinachokatwa kwenye jora na kupigiliwa kwenye mbao za kochi. Cha pili ni vile vitambaa vyepesi, aghalabu vyeupe, vilivyofumwa kwa sindano, ambavyo akina mama huvitandaza juu ya maegemeo ili kupamba sebule. Aliyeagiza, aliyetumwa na mwenye duka wote wametumia Kiswahili kinachoeleweka. Kasoro imo katika jina, nayo gharama yake ni nauli na fedha za mtu.

Kwa hiyo tunapendekeza majina matatu. Kile kinachopigiliwa kiitwe kitambaa cha kuvalishia, maana mafundi wenyewe husema "kuvalisha kochi", na neno lililokwisha kukubalika karakanani halina haja ya kutafutiwa badala yake. Kile kinachotandazwa juu kiitwe kitambaa cha pambo. Na lile vazi la kochi linalovuliwa likafuliwa na kurudishwa liitwe foronya ya kochi, kwa kuwa huvikwa na kuvuliwa kama foronya ya mto.

Hata baada ya kutenganisha hayo, bado mnunuzi hana budi kutaja uzi. Hapa lugha yetu ina maneno yanayokaribiana mno kwa sauti. Kitani ni nyuzi laini zitokazo katika shina la mmea unaolimwa hasa katika nchi za baridi. Hutoa kitambaa imara, cha kupendeza, ijapokuwa hukunjamana upesi. Katani ni nyuzi ngumu za jani la mkonge, zao lililoletwa Tanganyika mwaka 1893 na Richard Hindorf. Hufaa kwa kamba, magunia na mazulia, wala si kwa kukalia. Vivyo hivyo, sufu ni manyoya ya kondoo, ambayo husokotwa na kufumwa, na hali sufi ni pamba nyepesi ya mti wa msufi. Nyuzi za sufi ni fupi na zenye utelezi, hazisokoteki kwa urahisi. Kwa hiyo tangu zamani zimetumika kujazia mito na magodoro. Katika kochi, basi, sufu yaweza kuwa nje na sufi ndani. Irabu moja ikikosewa katika simu, au katika barua iliyoandikwa kwa haraka, bidhaa hubadilika.

Jambo la tatu ni namna ya kufuma. Neno mfumo, ambalo siku hizi tunalisikia zaidi katika habari za siasa na uchumi, limetokana na kitenzi kufuma. Tunaona inafaa kulirudisha kazini kwake. Kila kitambaa cha kufumwa kwa kitanda cha mfumi kina mtande, yaani nyuzi zinazotandwa kwa urefu, na mshindio, yaani uzi unaopitishwa kwa upana. Mshindio ukipita juu ya uzi mmoja na chini ya mmoja, kama katika marekani, huo ni mfumo sahili. Ukiruka nyuzi kwa mpangilio wa hatua hata mistari ikainama, kama katika nguo ya jinzi, huo ni mfumo wa mshazari. Mahameli nayo hutambulikana kwa vinyuzi vifupi vilivyosimama juu ya uso wake. Anayesema "nataka mahameli" amekwisha kutaja sura ya uso, lakini hajataja uzi: mahameli yaweza kuwa ya pamba, ya hariri au ya poliesta, nazo hazidumu sawasawa.

Sasa tuyarudishe hayo Gulwe. Nchi ya Dodoma ni kavu, mvua zake ni za msimu mmoja, na kiangazi chake kina jua kali na vumbi jingi. Mahali kama hapo mfumo uliobana hufaa kuliko uliolegea, kwa kuwa vumbi halipenyi upesi kufikia sponji. Mahameli hunasa vumbi kati ya vinyuzi vyake, hivyo humtaka mwenyewe aipige brashi mara kwa mara. Ngozi bandia hupanguswa kwa urahisi, lakini ikikaa juani kwa muda mrefu hukakamaa na kupasuka. Ngozi ya ng'ombe hudumu, ila nayo hukauka isipopakwa mafuta yake.

Kuhusu rangi, wananchi wana maneno mawili ambayo hayana budi kuhifadhiwa yakiwa mbalimbali. Kitambaa huchuja rangi yake inapotoka kwa maji. Hupauka rangi yake inapofifia kwa jua. Muuzaji akisema "hakichuji", amejibu swali la maji tu. Kwa kochi lililo karibu na dirisha la Gulwe, swali kubwa zaidi ni la kupauka. Viwanda hupima kupauka kwa kulinganisha kitambaa na vipande vya sufu ya buluu, katika daraja la 1 hadi la 8. Daraja la 8 ndilo linalostahimili mwanga zaidi. Uimara wa uso nao hupimwa kwa mashine ya Martindale, ambayo hukisugua kitambaa na kuhesabu mizunguko. Kwa sebule ya matumizi ya kila siku, mizunguko kati ya 15,000 na 25,000 huhesabiwa kuwa ya kutosha. Kwa ofisi na hoteli hutakiwa 30,000 au zaidi. Vipimo hivi tunapendekeza viitwe ustahimilivu wa mwanga na ustahimilivu wa msuguano.

Asiyepata karatasi ya vipimo aombe kipande kidogo. Akisugue kwa kitambaa cheupe kilicholowa, aone kama kinachuja. Akifunike nusu kwa kadibodi na kukiacha juani kwa majuma kadhaa, aone kama kinapauka. Akiinue kuelekea mwangani, aone kama nyuzi zimebana. Kisha fundi apime kochi kabla ya fedha kutoka, akijua kwamba vitambaa vingi vya kuvalishia vina upana wa sentimita 137 hadi 140, na kwamba ua kubwa linalojirudia huongeza mita, kwa kuwa ni lazima lilingane kwenye mishono.

Baada ya hapo agizo laweza kusemwa kwa sentensi moja: "Nahitaji mita 12 za kitambaa cha kuvalishia, cha poliesta, cha mfumo wa mshazari, kisichochuja wala kupauka, upana sentimita 140." Kila neno katika sentensi hiyo linamlinda mnunuzi.

Tunawaomba mafundi wa makochi, popote walipo, watuletee maneno wanayoyatumia katika karakana zao. Baraza liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967 ili kukikuza Kiswahili. Na katika kazi hiyo, aliyeshika nyundo na mkasi ana mengi ya kutufundisha.