UTOMVU WA HAGARSU: NAMNA DAWA YA MITI INAVYOPIMWA

Wafugaji wa Biliqo, katika Kaunti ya Isiolo, hawana haja ya kuelezwa hasara iletwayo na kupe. Mnyama aliyejaa kupe hukonda, maziwa yake hupungua, na tena kupe aweza kumwambukiza maradhi ya kumwua. Dawa ya dukani hununuliwa kwa fedha, nayo hutoka mbali. Basi si ajabu kwamba watu wa nchi kavu wametafuta msaada, tangu zamani, katika miti iliyo karibu na maboma yao.

Mmoja katika miti hiyo ni ule ambao Waborana huuita hagarsu, na wataalamu wa mimea huuita Commiphora holtziana. Gome lake likipasuka hutoka utomvu wenye harufu kali, nao hukauka ukawa kama gundi. Mti huu ni ndugu wa mti utoao manemane, ambayo Injili yaitaja miongoni mwa zawadi za Mamajusi. Katika nchi za kaskazini ya Kenya utomvu wa hagarsu umesifiwa kuwa hufukuza kupe. Je, sifa hiyo ni ya kweli? Mzee mfugaji atajibu kwamba ni kweli, maana ameona kwa macho yake. Mtaalamu hatamwita mzee mwongo, atasema, "Na tupime."

Kupima huko kumefanyika. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya kazi ya Michael Birkett na wenzake, wakiwamo wataalamu wa kituo cha Rothamsted, Uingereza. Waliutia utomvu wa hagarsu katika kimiminiko kiitwacho heksani, ili kuvuta mafuta yaliyomo ndani yake. Kisha waliwaweka kupe wa ng'ombe mahali maalumu pa majaribio, wakaangalia kama watasogea au watajitenga. Ilionekana kwamba kupe waliikimbia dawa ile, na nguvu yake ilidumu hadi saa 5. Walipoyatenganisha mafuta yale sehemu mbalimbali, walijua ni sehemu ipi yenye nguvu, na vitu gani vilivyomo. Jaribio lilifanywa pia kwa utitiri mwekundu wa kuku, nao ukafukuzwa vilevile.

Lakini jambo la kuangaliwa sana ni hili. Wataalamu hao waliupima na utomvu wa mti mwingine wa jamaa ile ile kwa njia ile ile, nao haukuonekana kuwa na nguvu ya maana ya kuwafukuza kupe. Miti miwili ya jamaa moja, mmoja una nguvu na wa pili haukuonekana kuwa nayo! Mfugaji atakayeuziwa utomvu usiofaa badala ya hagarsu atapoteza fedha yake, na kupe wataendelea kunyonya damu.

Kwa sababu hiyo kazi ya kwanza ya kila uchunguzi ni kulijua jina la mmea kwa hakika. Tawi lenye majani na maua hukaushwa, likalinganishwa na mimea iliyokwisha kuhifadhiwa. Kwetu kazi hiyo hufanywa katika Hifadhi ya Mimea ya Afrika ya Mashariki, iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa. Hifadhi hiyo ilianzia Amani, katika nchi iliyoitwa baadaye Tanganyika, mwaka 1902, ikahamishiwa Nairobi mwaka 1950.

Kazi ya pili ni kuvuta dawa kutoka katika mmea. Majani, mizizi au utomvu husagwa na kulowekwa katika maji, au katika spiriti, kisha huchujwa. Hapo namna ya kutengeneza yaweza kuwa ndiyo siri yenyewe. Bibi Tu Youyou wa China alipokuwa akitafuta dawa ya malaria katika mmea wa Artemisia annua, aliona ya kuwa moto mwingi huharibu nguvu ya dawa. Alipoivuta kwa kimiminiko kichemkacho kwa moto mdogo, alifaulu. Kazi hiyo ya miaka ya 1970 ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2015, na dawa zilizotokana nayo zimeokoa maisha ya wagonjwa wengi wa Afrika.

Kazi ya tatu ni kuijaribu dawa katika maabara, yaani nyumba ya uchunguzi. Vijidudu vya maradhi huoteshwa katika visahani vyenye chakula chao, na tone la dawa huwekwa katikati. Vijidudu vikishindwa kuota kulizunguka tone hilo, ni dalili njema. Lakini ni dalili tu, wala si dawa bado. Hata moto huua vijidudu, wala hakuna anayemtibu mgonjwa kwa kumchoma! Hivyo sharti ipimwe pia kama itawadhuru wanyama wadogo wa majaribio, na kwa kiasi gani. Mwisho, ikipata idhini, hujaribiwa kwa watu waliokubali wenyewe: kwanza wachache, ili kujua usalama wake, kisha wengi zaidi, ili kujua kama yaponya kweli. Katika Kenya kazi ya utafiti wa namna hii hufanywa na taasisi ya KEMRI, iliyoanzishwa mwaka 1979, na dawa haipaswi kuuzwa mpaka iandikishwe na Bodi ya Dawa na Sumu.

Huenda msomaji akauliza, "Ya nini taabu yote hii, ikiwa babu zetu walitumia miti na wakapona?" Jibu ni kwamba waliopona hutusimulia, bali waliokufa hawana neno. Tena, mti mmoja waweza kuwa na nguvu nyingi wakati wa kiangazi na kidogo wakati wa mvua. Kikombe kile kile kikamponya mtu leo na kumdhuru mwingine kesho. Magome ya mkwinini yalitumiwa muda mrefu kwa homa, lakini tangu Pelletier na Caventou wa Ufaransa walipoitenga kwinini yenyewe mwaka 1820, waganga waliweza kumpimia kila mgonjwa kiasi chake.

Si dawa tu itokayo mitini. Gundi ya mti wa Acacia senegal, ambao pia huota katika nchi kavu za kaskazini, hutumika viwandani kushikamanisha unga wa vidonge. Nayo pia hupimwa usafi wake, kwa maana mgonjwa huimeza pamoja na dawa.

Limebaki jambo la haki. Maarifa ya mzee ni mali, kama ng'ombe wake alivyo mali. Mapatano ya Nagoya yaliyoanza kutumika tarehe 12 Oktoba 2014, pamoja na sheria ya Kenya ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi, yanataka wenye maarifa waombwe idhini na wagawiwe sehemu ya faida. Kwa hiyo mtu akija kuchukua miti na habari zake, wazee na waulize: wewe ni nani, una kibali gani, na sisi tutapata nini?

Na kwa wafugaji, neno letu ni hili. Majaribio ya hagarsu yamethibitisha kwamba wazee hawakukosea, lakini yalifanywa katika maabara, si juu ya kundi zima la ng'ombe malishoni. Kufukuza kupe kwa saa 5 si sawa na kuwaua. Basi tuutunze mti huo, tusiukate ovyo. Lakini mnyama augulapo aitwe bwana wa mifugo, na mtoto ashikwapo na homa apelekwe hospitali upesi, bila kungoja kwanza kuona kama mzizi utafaa.