Mgodi wa Nyamongo ukifungwa, nani atalipa?

Tangu mgodi wa North Mara uanze kuzalisha dhahabu mwaka 2002, pale Nyamongo wilayani Tarime, umepita mikono mingi: Placer Dome, Barrick mwaka 2006, halafu African Barrick Gold iliyokuja kuitwa Acacia, na mwaka 2019 ukarudi Barrick, safari hii serikali ikiwa na asilimia 16 ya hisa. Wenye mali wamebadilika na dhahabu imeondoka, lakini bwawa la topesumu liko palepale.

Mei 2009 maji ya mgodi yalivujia mto Tigithe, unaoingia mto Mara kwenye mpaka wa Tarime na Serengeti. Miaka kumi baadaye baraza la mazingira, NEMC, liliutoza mgodi faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uvujaji wa bwawa, na Julai 2019 likaamuru bwawa lisitumike. Machi 2022 maji ya mto Mara yaligeuka meusi, samaki wakafa. Kamati ya serikali ikasema chanzo ni kinyesi na mkojo wa ng'ombe pamoja na mimea iliyooza. Wengi hawakuridhika, na siwalaumu. Vipimo vya maji visipobandikwa ofisi ya kijiji mwezi baada ya mwezi, ripoti ya mara moja haijengi imani.

Damu nayo imemwagika. Mei 2011 polisi waliwaua kwa risasi watu watano waliovamia mgodi kutafuta mawe yenye dhahabu. Kesi iliyofunguliwa London ilimalizwa kwa makubaliano mwaka 2015.

Wachimbaji wadogo wana sumu yao. Mawe husagwa kwenye karasha, unga ukaoshwa kwenye mwalo, kisha mchanga mzito ulionaswa unachanganywa na zebaki ndani ya karai, kwa mikono mitupu. Donge linakamuliwa kwa kitambaa na kuchomwa kwenye jiko la mkaa, na mvuke wake anauvuta yeyote aliye jirani, mtoto akiwemo. Mchanga unaobaki, yaani marudio, huuzwa kwa wenye mitambo ya sayanaidi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020, lakini zebaki bado inampa mchimbaji hela siku hiyohiyo.

Anayetaka kujua mbele kukoje mgodi ukifungwa atazame biashara ya bomu la nyuklia. Sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima ilitoka Shinkolobwe, Katanga, nchini Kongo, ikichimbwa na Union Minière. Kampuni ilipoondoka, mashimo yaliachiwa wananchi; mwaka 2004 yaliporomoka na kuua waliokuwa wakichimba kobalti. Kule Hanford, Marekani, ilikotengenezwa plutoniamu ya bomu la Nagasaki, kumebaki matangi 177 ya taka chini ya ardhi. Usafishaji ulioanza mwaka 1989 haujaisha, lakini yupo anayelipa, kwa sababu serikali ilitia saini makubaliano yanayoibana.

Nyamongo inaweza kuelekea kokote kati ya huko kuwili. Sheria yetu inamtaka mwenye mgodi mkubwa aweke dhamana ya kukarabati mazingira. Bei ya dhahabu ikiwa juu kama sasa, ndiyo wakati wa kuipima upya dhamana hiyo na kuitangaza kwa shilingi, mbele ya mikutano ya vijiji vya Kewanja, Nyangoto na Matongo, na ng'ambo ya mto Mara kwa wenzao wa Serengeti, ambao hawalipwi fidia ya ardhi lakini maji wanayotumia ni hayohayo.