Kabla Hujatuma Taa ya Betri kwa Mwenye Pikipiki ya Zamani, Uliza Kwanza

Wapambanaji wenzangu, leo nawapa somo lililonigharimu nauli ya basi mara mbili na nusura linipotezee mteja.

Mimi nauza spea za pikipiki mtandaoni. Kuna vile vitaa vidogo vya kuonesha hali ya betri, ukubwa kama punje ya hindi, waya mbili tu: nyekundu na nyeusi. Kikiwaka kijani betri iko vizuri, njano inashuka, nyekundu kuna shida. Vinatoka sana kwa wenye pikipiki za zamani, maana nyingi hazina kitu cha kukuonesha betri ikoje. Mtu anakuja kujua betri imekufa siku honi imegoma, indiketa hazipepesi na taa ya breki haiwaki, na nyuma yake kuna lori.

Basi mzee mmoja mstaafu wa Songea akaagiza. Ana Honda CG125 ya volti 12, aliitumia tangu akiwa bwana shamba. Nikamtumia mzigo kwa basi, na meseji juu: "Shikamoo mzee. Nyekundu funga na nyekundu, nyeusi funga na nyeusi. Umemaliza."

Kesho yake akapiga. "Kijana wangu, hii taa yako ina majini. Nikizima swichi inawaka. Nikiwasha swichi inazimika."

Nikamwambia itakuwa mbovu, airudishe. Ilipofika nikaijaribu kwenye betri hapa dukani: nzima kabisa! Na mzee alishawaambia wenzake kijiweni kwamba vijana wa mtandaoni wanauza feki.

Fundi wa jirani nilipomsimulia alicheka. "We dogo, kwenye Honda waya mweusi sio wa bodi."

Hapo ndo nilipojua kosa ni langu. Kwenye Honda, waya mweusi unabeba chanya ukishawasha swichi. Kwa hiyo mzee akiwasha, taa inapata chanya pande zote mbili, haina pa kupeleka umeme, inazimika. Akizima, umeme unatoka betri, unapita kwenye taa yangu, unaingia waya mweusi na kushukia bodi kupitia balbu ya gia huru. Taa inawaka usiku kucha. Yaani kitu nilichomuuzia kilinde betri ndo kilikuwa kinaila.

Tangu siku hiyo situmi taa bila kuuliza mambo matatu.

1. BETRI NI VOLTI 6 AU 12?
Usiridhike na jina la pikipiki. CG125 za mwanzo zilikuwa za volti 6, za baadaye volti 12, na jina ni lile lile. Omba picha ya betri kwa juu. Kama ni ya kujaza maji, hesabu vifuniko: vitatu ni volti 6, sita ni volti 12. Taa ya volti 12 ukiifunga kwenye volti 6 itakuambia betri imekufa wakati ni nzima.

2. PIKIPIKI NI YA KAMPUNI GANI?
Rangi za waya hazifanani:
- Honda: kijani ni bodi, nyeusi ni chanya baada ya swichi.
- Yamaha: nyeusi ni bodi, kahawia ni chanya baada ya swichi.
- Suzuki: nyeusi yenye mstari mweupe ni bodi, rangi ya chungwa ni chanya baada ya swichi.
Umeona? Nyeusi ya Yamaha na nyeusi ya Honda ni mbingu na ardhi.

3. BODI NI HASI AU CHANYA?
Pikipiki za Kijapani bodi ni hasi. Lakini za Kiingereza za zamani, kama BSA na Triumph, nyingi zilifungwa chanya kwenye fremu. Ukikutana nayo, waya nyekundu wa taa unaenda kwenye fremu na mweusi unaenda kwenye waya wa swichi. Ukifunga kwa mazoea, taa haitawaka au itaungua.

NAMNA YA KUFUNGA
- Chomoa kwanza waya wa betri ulioshika bodi. Spana ikigusa fremu hapo hakuna cheche.
- Usitoboe dashibodi. Pikipiki ya zamani thamani yake ni kubaki ilivyotoka kiwandani. Tengeneza kibati kidogo, kibane kwenye nati ya saiti mira, taa ikae hapo.
- Tafuta waya wa baada ya swichi. Usiamini rangi peke yake, mashine imeshapita mikono ya mafundi kumi. Rudisha betri, pima kwa mita: ukiwasha swichi isome volti za betri, ukizima isome sifuri. Huo ndo wenyewe. Kisha chomoa betri tena.
- Usichukue umeme kwenye waya wa taa kubwa ya mbele. Pikipiki nyingi ndogo za zamani taa hiyo inakula moja kwa moja kwenye koili ya injini, haipiti kwenye betri. Taa yako itachezacheza na kusema uongo.
- Weka fyuzi ndogo ya ampea 1 karibu na unapochukulia umeme. Waya mweusi wa taa upeleke bodi, na hapo kwangua rangi na kutu mpaka chuma king'ae.
- Funga viungo kwa tepu ya umeme, pitisha waya mbali na ekzosi, na hakikisha ukikata kona usukani hauuvuti.

NAMNA YA KUISOMA
Betri ya volti 12 iliyojaa, injini ikiwa imezimwa, inasoma 12.6 hadi 12.8. Ikifika 12.0 imekwisha. Injini ikinguruma na mafuta kidogo, itegemee 13.5 hadi 14.5. Ikibaki 12 na kushuka, haichaji. Ikivuka 15 inachaji kupita kiasi, mwite fundi aangalie rektifaya kabla betri haijachemka. Betri ya volti 6 iliyojaa inasoma kama 6.3 hivi, ikifika 6.0 imekwisha.

Mwambie mteja pia: akisimama kwenye foleni, kashika breki na indiketa imewashwa, taa inaweza kwenda njano. Asikupigie simu. Avute mafuta kidogo, ikirudi kijani hakuna tatizo.

TURUDI KWENYE BIASHARA
Mzee nilimrudishia taa ile ile kwa nauli yangu. Nikampigia nikamwomba radhi: "Mzee, taa haikuwa mbovu, maelezo yangu ndo yalikuwa mabovu." Akafunga nyeusi ya taa na waya wa kijani wa bodi, nyekundu ya taa na waya mweusi wa swichi. Jioni akanitumia picha, kijani tupu. Kijiweni kwake wawili wameshaagiza.

Sasa oda ikiingia natuma meseji hii kabla ya kufunga mzigo, inakili uibadilishe kwa biashara yako:

"Habari, asante kwa oda. Naomba picha ya betri kwa juu na picha ya pikipiki nzima, nikutumie inayofaa na maelezo ya mashine yako."

Inachukua dakika mbili. Nauli ya kwenda na kurudi Songea ilikula faida ya taa tatu. Mteja wa mbali hana fundi wako pembeni, ana maneno yako tu. Yakiwa na makosa, bidhaa nzima inageuka feki.

Kama una mwenzako anauza spea, mtumie hii kabla hajaandika "nyeusi kwa nyeusi".