Setilaiti Zinazosaidiana

Simama mjini Same, utazame upande wa kusini-mashariki. Milima ya Upare iko mbele yako, na nyuma yake iko Ndungu. Ukimulika kwa kioo, mwenzako aliye Ndungu hataona kitu, kwa sababu mwanga huenda kwa mstari ulionyooka na mlima umeuzuia. Lakini kama mtu wa tatu amesimama juu ya mlima, mahali anapoonekana na nyote wawili, ataupokea ujumbe wako na kumpelekea mwenzako.

Setilaiti hufanya kazi kama ya mtu huyo. Ni chombo kinachorushwa kwa roketi ili kiizunguke sayari. Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa kutoka baharini karibu na Malindi, Kenya. Hiyo iliizunguka Dunia. Sasa tutajifunza juu ya setilaiti zinazoizunguka Mirihi.

Kwa nini moja haitoshi?

Mirihi ni mviringo kama Dunia, kwa hiyo setilaiti moja haiwezi kuona pande zake zote kwa wakati mmoja. Mars Reconnaissance Orbiter, setilaiti ya Marekani iliyofika huko mwaka 2006, huizunguka sayari hiyo kwa muda wa saa mbili hivi. Ikiwa upande wa pili, gari lililo chini hulazimika kungoja. Ndiyo maana magari yasiyo na watu, kama vile Curiosity, lililotua mwaka 2012, hutumia setilaiti zaidi ya moja, za Marekani na za Ulaya.

Setilaiti inapopita juu ya gari, hupokea picha na vipimo, huvihifadhi, kisha huvituma Duniani. Fikiri juu ya ndiva za Upare. Usiku maji ya kijito hukusanywa katika ndiva, na asubuhi ndiva hufunguliwa ili mashamba yamwagiliwe. Setilaiti nayo ni ndiva ya habari. Kama habari zote zingetegemea ndiva moja tu, siku ya kubomoka kwake tungekosa zote.

Kwa nini zijitegemee?

Mirihi ikiwa mbali kabisa nasi, mawimbi ya redio huchukua dakika 22 hivi kufika huko. Jibu nalo huchukua dakika 22 kurudi. Tena, kila baada ya miezi 26 hivi, Jua huwa kati ya Dunia na Mirihi. Kwa muda wa wiki mbili hivi wataalamu huacha kutuma amri, kwa kuwa Jua laweza kuziharibu njiani.

Basi chombo kikiugua, nani atakitibu? Lazima kijisaidie. Huacha kazi zisizo za lazima, huelekeza mabamba yake kwenye Jua ili kipate umeme, huelekeza antena upande wa Dunia, kisha hungoja. Hubeba pia vifaa vya akiba, kama kompyuta ya pili. Wataalamu wanaopanga makundi ya setilaiti ya siku zijazo wanataka ziweze kugawana kazi zenyewe, ili moja ikiharibika nyingine zishike zamu yake.

Hata hivyo, chombo hakiwezi kusahihisha kila kosa la binadamu. Mwaka 1999 Mars Climate Orbiter ilipotea ilipofika Mirihi. Kundi moja la wahandisi lilikuwa limetumia vipimo vya Kiingereza, na jingine vipimo vya metriki. Chombo kilishuka chini mno, kikapotea. Kwa hiyo, usiandike jibu bila kutaja kipimo chake.

Jaribio

Mwanafunzi mmoja asimame nyuma ya darasa. Huyo ni gari la Mirihi. Mwingine asimame mbele. Huyo ni Dunia. Wa tatu alizunguke darasa kwa mwendo wa kawaida, akichukua karatasi moja kila apitapo kwa gari na kuipeleka Duniani. Hesabuni karatasi zilizofika katika dakika 10. Rudieni mkiwa na wazungukaji wanne walioachana sawasawa. Mwisho, mmoja wao aketi. Je, ujumbe ulikatika?

Maswali

1. Kwa nini mtu wa Same hawezi kummulikia mtu wa Ndungu?
2. Setilaiti inafananaje na ndiva?
3. Mawimbi ya redio huenda kilometa 300,000 kwa sekunde. Je, huenda kilometa ngapi kwa dakika 22?